Nimechaguliwa kamati ya zahanati: nifanyeje ili wagonjwa wasikilizwe?

MamaWaMnadani (Dodoma)

Wakuu, habari za jioni. Naomba mawazo ya wenye uzoefu.

Mkutano mkuu wa kijiji umenichagua niingie kamati ya usimamizi ya zahanati yetu, kuwawakilisha watumiaji wa huduma. Nilifurahi, maana pale ni kama kwangu. Watoto wangu wote wamepimwa uzito pale, na mama mkwe anachukulia dawa zake za presha hapohapo. Lakini vikao ninavyovikuta ni vya aina moja. Tunapigiwa simu asubuhi, tukifika muhtasari umeshaandikwa, mganga mfawidhi, yaani mkuu wa zahanati, anausoma mbiombio, tunasaini, tunapewa soda, tunatawanyika. Sijasikia mtu akiuliza wagonjwa wanasemaje.

Na wagonjwa wana mengi. Kliniki ya wajawazito na watoto ni Jumanne peke yake, na Jumanne ndiyo siku ya mnada. Wanawake wa kitongoji cha ng'ambo ya korongo wanauza kuku na nyanya siku hiyo, ndiyo hela yao ya wiki nzima. Wengi wanakwenda mnadani. Wakija Alhamisi wanaambiwa si siku yao, na mimba ikishakuwa kubwa wanafokewa kwa nini wamechelewa kuanza kliniki. Jingine, dirisha la chumba cha kujifungulia linatazama benchi la wagonjwa wa nje, halina hata pazia. Kuna binti aliniambia wazi kuwa kwa sababu hiyo alijifungulia nyumbani kwa bibi yake. Sanduku la maoni lipo ukutani, kufuli limeshika kutu na ufunguo hakuna anayejua uko wapi.

Sitaki ugomvi na mganga. Ni mchapakazi, na yuko na muuguzi mmoja tu. Ila sikuchaguliwa niende kusaini. Nianzie wapi?

Mstaafu_wa_Kamati

Hongera sana mwanangu. Niliwahi kuwa mwenyekiti wa kamati kama hiyo, basi nitakwambia ninayoyajua.

Kwanza, nguvu mliyo nayo ni kubwa kuliko mnavyoonyeshwa. Zamani fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya, zile zinazochangwa na wafadhili, zilikuwa zinaishia halmashauri. Tangu mwaka wa fedha 2017/18 zinaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo, na zahanati inaandaa mpango wake yenyewe, kamati inaupitia na kuupitisha. Hapo ndipo pa kukaza macho. Mwaka wa fedha unaanza Julai, lakini mpango unaandaliwa miezi mingi kabla. Ukipeleka hoja ya pazia mwezi wa nane utaambiwa hakuna kifungu cha fedha, na ni kweli hakuna. Muulize mganga leo: mpango wa mwaka ujao tunaukalia lini? Halafu usisaini ukurasa wa mwisho bila kusoma za katikati.

Pili, dawa. Gari la MSD, yaani Bohari ya Dawa ya serikali, likifika, kamati inatakiwa kushuhudia mapokezi. Usikae kwenye kiti kivulini. Ingia stoo, shika hati ya kupokelea, linganisha kopo kwa kopo, kisha tazama kama yameingizwa kwenye leja. Kijiji chetu kilikuwa kinanung'unika kwamba dawa ya mseto ya malaria inaibwa. Tulipoanza kushuhudia tukaona kinachopokelewa chenyewe ni pungufu kuliko tulichoagiza. Tukalieleza hilo kwenye mkutano mkuu, tukiwa na hati mkononi. Minong'ono juu ya mganga ilikoma, na malalamiko yakapelekwa kunakohusika.

Mkutano mkuu wa kijiji ni kila miezi mitatu kwa mujibu wa sheria. Omba dakika chache uwape watu taarifa ya zahanati. Mjumbe asiyerudi kwa waliomchagua, mganga anamwona yuko peke yake.

Nesi_wa_Zamu

Dada, mimi ni muuguzi wa zahanati, naomba uone na upande wetu. Siku moja ya kliniki mara nyingi inatokana na chanjo. Chupa ya surua na rubela ina dozi 10, na ukishaichanganya haikai zaidi ya muda wa saa sita, kinachobaki unamwaga. BCG, ile chanjo ya kifua kikuu, vilevile. Akija mtoto mmoja Jumatatu na mmoja Jumatano, nitafungua chupa mbili kwa watoto wawili, na mwisho wa mwezi nitaulizwa chanjo zimekwenda wapi. Ndiyo maana tunawakusanya.

Lakini hiyo ni sababu ya kuwa na siku moja, haiwi sababu ya siku hiyo kuwa Jumanne. Ihamieni Jumatano. Na wajawazito hawahitaji kusubiri siku ya watoto hata kidogo. Chanjo yao ya pepopunda chupa yake ikifunguliwa inatunzwa kwenye jokofu mpaka siku 28. Kupima presha, damu na mkojo ni kazi ya siku yoyote. WHO tangu 2016 inataka mjamzito aonwe mara 8, sasa ukimfukuza Alhamisi hizo 8 atazifikishaje?

Nakuomba kitu kimoja. Kabla ya kikao, nenda ukakae na yule muuguzi, fungueni pamoja rejesta ya wajawazito. Inaonyesha mama anatoka kitongoji gani na alianza kliniki na mimba ya wiki ngapi. Ng'ambo ya korongo mtaiona wenyewe. Ukija kikaoni ghafla na lawama, sisi tunajifunga. Ukija na rejesta tuliyoiandika kwa mikono yetu, tutabisha nini?

Mwananchi_Kilifi

Salamu kutoka Kenya. Huku Katiba ya 2010, kifungu cha 196, inalazimisha bunge la kaunti kuwashirikisha wananchi. Kwa hivyo vikao vya bajeti vipo, na afya ni kazi ya kaunti. Shida ni kwamba unasikia tangazo leo, kikao ni kesho, tena mjini, na nauli ni yako. Mama mwenye mtoto mgongoni hafiki. Sisi tulianza kuandika maoni yetu kwenye karatasi, tunayapeleka ofisini yanagongwa muhuri wa kupokelewa, tunabaki na nakala. Maneno ya mdomo hupotea, lakini karatasi yenye muhuri ni vigumu kuikana. Dada, jaribu hilo.

Mwanafunzi_AfyaJamii

Naongezea kidogo. Uganda walijaribu jambo hili katika zahanati 50 za wilaya 9, matokeo yakachapishwa 2009. Wanakijiji na watumishi walipewa takwimu za zahanati yao wenyewe, wakakaa pamoja wakakubaliana nani afanye nini. Vifo vya watoto wachanga na wadogo vilipungua kwa karibu theluthi moja. Jaribio kubwa zaidi lililofuata hapohapo Uganda halikuona vifo vikipungua hivyo, kwa hiyo mtu asikuahidi miujiza. Hata hivyo, nesi amesema kweli: watu wakae na namba zao mbele yao.

MamaWaMnadani (Dodoma)

Nawashukuru wote, shikamoo mzee. Habari ya chupa ya chanjo sikuwahi kuisikia, na nadhani hata mwenyekiti wetu haijui. Kesho kutwa nampeleka mama mkwe kuchukua dawa, nitamwomba muuguzi tuangalie rejesta. Swali moja: mjumbe wa kawaida naruhusiwa kuleta ajenda, au ni mwenyekiti tu?

Mstaafu_wa_Kamati

Marahaba. Unaruhusiwa. Mganga mfawidhi ndiye katibu wa kamati, mwandikie yeye, nakala mpe mwenyekiti. Andika mawili tu: siku ya kliniki na pazia la dirisha. Na ufunguo wa sanduku usiungoje, kateni kufuli mbele ya wajumbe wote msome yaliyomo.