Tupeane uzoefu: Tunaotunza bustani ya mboga aliyoiacha mzazi

Mleta mada, Uru: Habari za jioni wapendwa. Mama yetu tulimzika hapa hapa kihambani, kwenye shamba la ukoo linalozunguka nyumba, kama ilivyo desturi yetu Wachaga. Ndugu zangu wako Dar na Mwanza, mimi nimebaki na baba, pamoja na bustani yake mama: mnavu, mchicha, figiri, sukuma wiki, na maboga yanayotambaa chini ya migomba.

Kilichonigusa zaidi ni mbegu. Sikumbuki mama akinunua mbegu ya mnavu dukani. Aliacha mashina yaliyo bora bila kuyachuma hadi vitunda viive viwe vyeusi, akavikamua kwenye maji, akamwaga nyama na zile zinazoelea, zilizozama akazianika kivulini. Zikikauka kabisa anachanganya na majivu, anaziweka kwenye chupa juu ya dari ya jiko, moshi uwafukuze wadudu. Nilizikuta huko, nikazisia, zikaota. Siku nilipompikia baba kitalolo, yaani ndizi na majani ya mnavu huo, aliuliza majani ya mke wake nimeyatoa wapi.

Nataka bustani hii iendelee. Ninyi wenzangu mnafanyaje?

Wa Tengeru: Pole sana dada. Sisi aliyetuacha ni baba, na yeye alikuwa mtu wa nyanya. Baada ya yeye kuondoka akaja kanitangaze. Kipepeo huyu asili yake ni Amerika ya Kusini, na alianza kuonekana nchini mwaka 2014, huku huku kwetu Arusha. Kiwavi wake anajichimbia ndani ya jani na ndani ya tunda, kwa hiyo dawa inapita juu tu. Mimi nikapendekeza tupumzishe nyanya. Kaka yangu mkubwa hakutaka kusikia: "Shamba la mzee ni la nyanya." Tulivutana hadi shangazi akaingilia kati, akatukumbusha kwamba mzee mwenyewe aling'oa kahawa akapanda nyanya alipoona hailipi. Sasa tunapokezana: msimu wa nyanya, kisha maharage au vitunguu. Bilinganya na viazi mviringo hatuvifuatishi nyanya, maana ni jamii moja na mdudu ni yule yule. Kwa maoni yangu, kumheshimu mzazi ni ardhi yake kuzaa, hata kama zao limebadilika.

Na hizo mbegu usiziweke sehemu moja. Wape majirani nao wapande. Hapa Duluti, World Vegetable Center, kituo cha utafiti wa mboga, wanahifadhi mbegu za mboga zetu za asili, lakini mbegu ya mama yako ilinde wewe na jirani zako.

Wa Njiro: Mimi nimepanga, kiwanja sina. Mgagani wa marehemu mama unaota kwenye viroba barazani. Unatosha mboga ya watu wawili, na Jumapili nampelekea dada.

Wa Marangu: Mleta mada, hujataja maji. Kama bustani inanyweshwa na mfongo, yaani mfereji wa asili tunaogawana kwa zamu, zamu ya mama yako nani anaishika? Kwetu zamu inakwenda na kazi. Siku ya kusafisha mfongo kila kaya inatoa mtu, na asiyetokea analipa faini au ananyimwa maji. Baba yetu alipofariki tulishughulika na msiba, arobaini, mirathi, na huku nyuma wenzetu wakaanza kugawana saa zetu. Hawakuwa na ubaya, maji hayakai bila mwenyewe. Mdogo wetu ilibidi aende kwa wazee wa mfongo na mbege, pombe yetu ya ndizi, ajitambulishe kwamba yeye ndiye anayesimama nafasi ya baba. Tangu hapo hakosi siku ya kazi.

Wa Dar: Sisi tunaokuja Desemba tu, tuchangieni njia. Pesa ya kijana wa palizi natuma, lakini naona haitoshi.

Wa Marangu: Tuma na ya samadi, tena mapema, ioze vizuri kabla ya masika. Samadi mbichi inaunguza miche.

Mleta mada, Uru: Asanteni sana. Hili la zamu sikuwa nimelifikiria, maana maji yamekuwa yakija na mimi nafungulia tu. Jumapili tukitoka kanisani nitakwenda na baba kwa mzee wa mfongo nijiandikishe kwa jina langu. Wa Marangu, mwanamke anaruhusiwa kushika zamu huko kwenu, au alitakiwa mdogo wako kwa sababu ni wa kiume?