Tupeane uzoefu: uliyewahi kumfuata mbunge kwa ajili ya mtoto au ndugu mwenye ulemavu wa akili, ilikuwaje?

Mama wa Kadi: Ndugu zangu, nina mwana wa miaka 14 mwenye usonji. Hasemi kwa mdomo, anatumia kadi za picha. Mwezi ujao kamati ya bunge inapokea maoni ya wadau juu ya muswada wa huduma za jamii, nami nimepewa dakika tano. Nimeandika kurasa sita, nimezifuta zote. Mliotangulia, mlisema nini mkasikilizwa?

Mama Pacha: Hongera, dada. Mara ya kwanza mimi nilisimulia kila kitu tangu kujifungua, nikalia. Wakanisikitikia sana, tukaagana, basi. Nilipofika nyumbani ndipo nikagundua kwamba sikuwa nimeomba kitu chochote. Huruma haina fungu katika bajeti.

Mara ya pili nilikwenda na kifungu kimoja tu, kile kinachokatisha huduma za mazoezi ya viungo mtoto akitimiza miaka 18. Pacha wangu mmoja ana mtindio wa ubongo, mwenzake hana. Nikawaambia: "Wote wawili watapata haki ya kupiga kura siku moja. Mmoja wao, siku hiyohiyo, atanyang'anywa mtaalamu wake. Misuli yake itajuaje kwamba amekuwa mtu mzima?" Kisha nikagawa karatasi moja yenye namba ya kifungu na maneno tunayotaka yawekwe. Waliongeza miaka mitatu. Sikuridhika, na bado nawafuata, lakini miaka mitatu ya mazoezi kwa mwanangu ni tofauti kati ya kutembea na kutotembea.

Karani Mstaafu: Nimefanya kazi katika ofisi ya mbunge miaka mingi. Barua mia mbili zenye maneno yaleyale tulizihesabu tukaziweka kando. Barua ya mpiga kura wa jimboni, ukurasa mmoja, kwa maneno yake mwenyewe, niliipeleka mezani kwa mbunge. Taja eneo lako katika mstari wa kwanza. Msaidizi wa mbunge usimpite, maana yeye ndiye anayeandika muhtasari ambao bosi wake anausoma njiani. Na uje mapema! Bajeti ikishasomwa, fedha zimeshagawanywa.

Kama unaweza, linganisha gharama. Katie Beckett, mtoto wa Marekani, alibaki hospitalini kwa sababu bima ya serikali ililipia matibabu yake akiwa humo, si akiwa nyumbani, ingawa nyumbani gharama ilikuwa ndogo zaidi. Mwaka 1981 kisa chake kilimfikia Rais Reagan, akaruhusiwa kurudi kwao, na mwaka uliofuata sheria ikafungua njia hiyo kwa watoto wengine. Kisa na hesabu vilikwenda pamoja.

Najisemea: Mimi nina ulemavu wa akili. Nina miaka 31. Nilikwenda kwa mbunge na dada yangu. Mbunge akamwuliza dada, "Anapenda kufanya nini?" Mimi nilikuwa nimekaa palepale. Dada akanyamaza. Akanisubiri. Nikasema napenda kazi yangu. Nikasema sitaki mtu ashike mshahara wangu bila kuniuliza. Mbunge akaandika. Tulifanya mazoezi siku nyingi. Nilikuwa na karatasi yenye picha nne. Mama wa Kadi, usimwache mwanao nyumbani.

Kaka Mkubwa: Nakubaliana nawe, ndugu yangu, ila naomba niongeze langu linaloniuma. Nilimpeleka mdogo wangu bila kumwandaa. Taa kali, vipaza sauti, watu wengi. Akapiga kelele, akaziba masikio, na watu wakampiga picha. Mpaka leo sijajisamehe. Muulizeni kwanza mhusika. Ombeni kukiona chumba kabla ya siku yenyewe, na mahali patulivu pa kupumzikia. Si fadhila mnayoomba: Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006, ibara ya 4, unazitaka nchi wanachama ziwashirikishe watu wenye ulemavu zinapotunga sheria zinazowahusu, na umewataja watoto waziwazi. Mimi sasa naunukuu katika kila barua.

Mama wa Kadi: Asanteni sana, nimesoma hadi usiku. Ombi langu litakuwa moja: vifaa vya mawasiliano viingizwe katika orodha ya huduma zinazolipiwa. Nimeiandikia kamati, wamekubali tukione chumba siku mbili kabla. Leo asubuhi nikamwuliza mwanangu kama anataka kwenda. Akanipa kadi ya "ndiyo". Akafikiri kidogo, akaongeza ya "nyumbani". Nimemwelewa: twende, lakini turudi mapema.