Soketi zote mbili za umeme garini zimekufa

Swali:
Habari zenu, wakuu. Tangu jana soketi za kuchajia katika gari langu, ya mbele karibu na gia na ya nyuma, hazitoi umeme, ingawa redio na taa za ndani zinafanya kazi. Zilizimika nilipochomeka pampu ya kujazia matairi upepo. Nianzie wapi?

Jibu la kwanza:
Pole, ndugu. Kwa kuwa zimekufa kwa pamoja, shaka yangu ya kwanza ni fyuzi, ambayo mara nyingi huwa ya ampea 15 au 20, kwani pampu hizo huvuta umeme mwingi. Zima gari, fuata mchoro wa kisanduku cha fyuzi, ichomoe na uitazame kwenye mwanga: kijiwaya cha ndani kikiwa kimekatika, imeungua. Weka nyingine ya ampea zilezile. Tafadhali usiweke kubwa zaidi, maana nyaya zitapata moto kabla fyuzi haijakatika, na gari linaweza kuteketea.

Jibu la pili:
Kabla ya hapo, mulika ndani ya soketi kwa tochi. Sarafu iliyodumbukia humo huunganisha ncha ya katikati na ukuta wake, na fyuzi mpya itaungua papo hapo. Itoe gari likiwa limezimwa.

Muulizaji:
Nashukuru sana. Soketi zilikuwa safi, lakini kijiwaya cha fyuzi kilikatika katikati. Nimeweka mpya ya ampea 15 na zote mbili zinachaji.