Nianzie wapi kuwafundisha mabinti kupamba uso?

Mpambaji wa Mwanga, Kigoma

Habari zenu, wapambaji wenzangu. Nina saluni hapa Mwanga, na kazi yangu kubwa ni kupamba maharusi na wasimamizi wao. Majirani wameniomba niwafundishe binti zao, nami nimekubali kwa moyo mmoja, kwa kuwa natamani wapate kipato bila kulazimika kukimbilia Dar es Salaam. Shida ni kwamba ninapopamba wanatazama na kuitikia, lakini nikiwapa brashi kila mmoja ampambe mwenzake, uso unatoka wa kijivu huku shingo ikibaki na rangi yake. Nianze na somo gani, na ni lini mwanafunzi aruhusiwe kumgusa mteja anayelipa?

Mama Isevya, Tabora

Hongera sana, mdogo wangu. Ukijivu huo hutokea pale fondesheni, ile rangi ya msingi inayopakwa uso mzima, inapochaguliwa kwa kutazama chupa, au kwa kuipaka mgongoni mwa kiganja chini ya taa ya saluni, ilhali ngozi nyeusi nyingi zina wekundu au umanjano kwa ndani ambao taa hiyo huuficha. Mwambie mwanafunzi achore mistari mitatu ya fondesheni tofauti kwenye taya, ishuke kidogo kuelekea shingoni, kisha amtoe mwenzake mlangoni penye mwanga wa mchana. Mstari unaopotea kwenye ngozi ndio wenyewe. Mimi huwarudisha kwenye zoezi hili kwa nyuso za kila aina kabla sijawaonyesha kitu kingine chochote, hata wanapolilia kufika kwenye kope za bandia.

Baada ya hapo, gawa uso. Upande mmoja upambe wewe, polepole, ukieleza kila unachofanya. Upande wa pili aumalizie yeye. Tuchukue nyusi: asimamishe mpini wa brashi kutoka ubavuni mwa pua kupita kona ya ndani ya jicho, hapo ndipo nyusi inapoanzia; kisha aulaze kutoka pale pale puani kupita kona ya nje, hapo ndipo inapoishia. Akikosea, nakusihi usimpokonye brashi. Mkalishe aliyepambwa mbele ya kioo, umuulize mwanafunzi aonyeshe mwenyewe pande hizo mbili zimetofautiana wapi, halafu afute na kurudia.

Msusi wa Ujiji

Naungana na Mama Isevya, ila kwangu usafi ungetangulia hata fondesheni. Brashi moja ya maskara ikipita kwenye macho ya watu wawili inaweza kuhamisha ugonjwa wa macho, kwa hiyo wazoee brashi za kutumia mara moja, na maskara iliyofunguliwa itupwe baada ya miezi mitatu hivi. Rangi ya mdomo ikwanguliwe kwa kijiti na kuwekwa kwenye kisahani. Brashi za uso zioshwe kwa sabuni na kukaushwa zikiwa zimelazwa, kwa sababu zikisimamishwa maji hushuka kwenye mpini na gundi inayoshika nywele hulegea. Gundi ya kope nayo ijaribiwe ngozini siku moja kabla.

Tena wafundishwe kuitambua ngozi iliyoharibiwa na mkorogo, yaani vipodozi vya kujichubua, ambayo huwa nyembamba na huwasha upesi, ili wasiisugue wala wasimwaibishe mwenye nayo. Vipodozi vyenye zebaki au haidrokwinoni vimepigwa marufuku nchini, na tangu 2019 usimamizi wa vipodozi uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS). Mpambaji asiyesoma maandishi ya kopo anaweka ngozi ya mtu hatarini.

Mpambaji wa Mwanga, Kigoma

Nawashukuru mno. Bado lile la mteja anayelipa.

Mama Isevya, Tabora

Mpe kwanza wageni wa sherehe, wenye mapambo mepesi, na umwambie mteja wazi kwamba mwanafunzi ndiye atakayempamba na kwamba wewe utasimama pembeni. Bibi harusi asubiri mpaka mwanafunzi aweze kupamba uso mzima ukakaa kuanzia asubuhi hadi jioni katika joto la huko kwenu ziwani: apake tabaka nyembamba, akandamize kwa sponji badala ya kusugua, na poda aielekeze zaidi kwenye paji, pua na kidevu. Kila uso anaoumaliza aupige picha kwa flashi pia, kwa maana poda nyingine nyeupe hazionekani kwa macho lakini kwenye picha za ukumbini hung'aa kama unga.