Jaji kaiachia Google ibaki na Chrome. Ni haki hii? (Mjadala)

Mkwezi: Wadau, hili jambo linanikera. Agosti 2024 jaji Amit Mehta kule Washington alisema waziwazi Google wamehodhi soko la utafutaji kinyume cha sheria. Serikali ya Marekani ikaomba walazimishwe kuuza Chrome, brauza yao. Imefika Septemba 2025 jaji huyohuyo kakataa, hawauzi, waache tu ile mikataba ya kuwafungia wenzao mlango na wawape washindani baadhi ya data, ila kulipa ili wawekwe mbele waendelee kulipa. Watu waliowapa Apple dola bilioni 20 mwaka 2022 ili wakae wa kwanza kwenye Safari, brauza ya Apple! Mimi naona wangeuza tu. Nyie?

Baba Naima: Wauze ili iweje? Microsoft si waligawanywa vipande viwili mwaka 2000 kwa kuiua Netscape, ile brauza ya zamani, leo wamekuwa masikini?

Fundi Saa Sita: Mzee wangu hawakugawanywa. Jaji Jackson aliamuru, rufaa ikatengua 2001, wakamalizana na serikali mezani. Na wakati huo Netscape yenyewe ilishanunuliwa na AOL, haki ikaja marehemu ameshazikwa.

Kijana wa Mjini: Mnaongea kama kuna mtu kashikiwa panga. Chrome imetoka 2008 ikakuta Internet Explorer na Firefox zimejaa, ikazipita kwa kasi, basi, watu wakachagua. Au mnataka turudi Opera Mini tuperuzi kama watu wa kijijini, maandishi yamerundikana kama nyanya kwenye tenga?

Binti Tandahimba: Kijijini ndo wapi? Maana mimi Opera Mini ndo iliyonifikisha chuo, nimejaza fomu zangu kwa Nokia ya batani, vocha ya mia tano na chenji inabaki. Ile ukurasa unavutwa na seva zao kwanza, unabanwa, unakuja kwako mwepesi. Wewe na Chrome yako kwa mtandao wa kipindi kile ungekesha unaangalia kiduara kinazunguka!!

Kijana wa Mjini: Dada punguza jazba. Ile haikuwa intaneti, ilikuwa picha ya intaneti. Na unajua paswedi zako zote zilikuwa zinafunguliwa kwenye seva ya Wanorway ndo zinaendelea na safari?

Msee wa Rongai: Boss hapo unatubeba ufala. Hiyo Opera Mini tulitumia Nairobi, chuo kikuu, darasa mzima, na hakuna mtu alikuwa ushago. Na paswedi ya nini, ya imeili iko na meseji mbili?

Binti Tandahimba: Asante kaka. Mwambie.

Baba Naima: Opera si ya Wachina hiyo?

Fundi Saa Sita: Wachina wameinunua 2016, makao yako Oslo bado. Ila kilichoniuma mimi ni 2013, walipoitupa injini yao wenyewe, Presto, yaani ile programu ya ndani inayochora kurasa, wakahamia ya Google. Edge ya Microsoft nao wakafuata 2020. Brave ni hivyohivyo, ya Samsung pia. Kwa hiyo Kijana ukisema watu wamechagua, wamechagua rangi ya bodi, injini ni ileile. Nje ya hapo ni Safari, na Firefox ambayo hela yake nyingi inatoka kwa Google haohao.

Kijana wa Mjini: Kwani Chromium, ile msingi wa Chrome, si ya wazi, mtu yeyote anachukua bure? Sasa kosa liko wapi.

Binti Tandahimba: Hujajibu. Kijijini ndo wapi?

Mkwezi: Jamani turudi kwenye mada. Simu nyingi za Android Chrome inakuja humohumo, huifuti, unaizima tu. Microsoft walifanya hivihivi na Windows, Ulaya wakawabana kuanzia 2010 waweke ukurasa wa mtu kuchagua brauza. Baadaye ukurasa ukapotea kwenye kompyuta za Windows 7, wakasema ni hitilafu ya kiufundi, 2013 wakapigwa faini ya euro milioni 561. Sisi Afrika Mashariki nani atatuwekea hata huo ukurasa?

Msee wa Rongai: Hata wakiweka, mathe yangu akiona hiyo list ya brauza atanipigia simu aniulize abonyeze gani. Na nitamwambia Chrome 😂

Baba Naima: Euro milioni 561 kwa hitilafu! Hao Wazungu hawana dogo.

Kijana wa Mjini: @Binti Tandahimba nilikuwa natania tu dada, mbona umeng'ang'ana hivyo. Sisi wa mjini tunaongea hivi.

Binti Tandahimba: Mjini kwenyewe unakaa wapi?

Kijana wa Mjini: Tabata.

Binti Tandahimba: Tabata ndo mjini 😂😂😂

Baba Naima: Ngoja kwanza binti, mimi nimejenga Tabata. Tabata imekukosea nini?