Habari zipi za klabu zisomwe hewani, na zipi zibaki katika jarida?

Katibu wa Klabu

Salaam, wanaredio wenzangu.

Klabu yetu ya redio za ridhaa, yaani za wenye leseni wanaowasiliana kwa kupenda tu, ina mkutano wa hewani kila wiki kupitia ripita (mtambo unaopokea sauti zetu na kuzirusha upya) ya bendi ya mita 2, na ina jarida la kila mwezi linalotumwa kwa barua pepe. Kazi zote mbili ziko mikononi mwangu. Mkutano huo ulianzishwa ili wanachama wajuliane hali, wajaribu mitambo yao na wazoee nidhamu ya kupokezana zamu, lakini polepole umegeuka kuwa kipindi cha taarifa: mimi husoma, wengine husikiliza, na nikimaliza karibu kila mmoja hutaja alama yake ya wito, yaani herufi na namba zinazotambulisha kituo chake, husema hana la kuongeza, kisha hutoweka. Walio wakimya kuliko wote ni wale waliofaulu mtihani wa leseni hivi karibuni, yaani haohao ambao mkutano ulikusudiwa kuwafunza.

Kamati imegawanyika. Upande mmoja unataka kila jambo lisomwe hewani, kuanzia tarehe za mitihani na matengenezo ya ripita hadi vifaa vinavyouzwa, majina ya wanaodaiwa ada na habari za wagonjwa, kwa hoja kwamba wapo wanachama wasiofungua barua pepe. Upande wa pili unataka sehemu ya taarifa ifutwe kabisa na jarida litoshe. Naomba mnieleze ninyi mnaweka mpaka wapi, kanuni zinaruhusu nini, na ni habari za namna gani zinazomfanya mtu ashike kipaza sauti badala ya kuzima redio.

Msimamizi wa Ripita

Ndugu katibu, tuanze na kanuni, kwa kuwa zinamaliza sehemu kubwa ya ubishi wa kamati yenu. Kanuni za Redio za Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ITU, zinaieleza huduma ya ridhaa kuwa ni ya kujifunza, kuwasiliana na kufanya uchunguzi wa kiufundi, inayoendeshwa na watu walioidhinishwa ambao wanaupenda ufundi wa redio kwa lengo lao binafsi, bila maslahi ya fedha. Utangazaji ni huduma nyingine kabisa, kwa sababu hukusudiwa kupokewa na umma moja kwa moja. Taarifa ya klabu husimama katikati ya hizo mbili, na ndiyo maana kila nchi huiwekea masharti yake. Marekani inaruhusu taarifa zinazowalenga wanaredio wa ridhaa, na kituo cha W1AW cha ARRL, chama cha wanaredio wa ridhaa wa huko, kilichoko Newington, huzirusha kwa ratiba. Nchini Uingereza, chama cha wanaredio cha RSGB kimekuwa kikisoma habari zake hewani kupitia huduma ya GB2RS tangu mwaka 1955. Kwa hiyo kusoma habari si uzushi wala si kosa, mradi ziwe habari za wanaredio na leseni yenu isikataze. Someni masharti ya leseni kabla ya kupiga kura.

Vifaa vinavyouzwa ni suala lenye ncha zaidi. Kanuni za Marekani humruhusu mwanaredio kuwajulisha wenzake kwamba anauza chombo cha kituo chake, ila jambo hilo lisiwe la kawaida ya kila mara. Mkitenga dakika za mauzo kila wiki, mmekwisha kufungua gulio. Mimi ningeyapeleka yote kwenye jarida, ambako mnunuzi ataona na picha. Madeni ya ada hata hayahitaji mjadala. Ripita husikika na yeyote mwenye kipokezi, wakiwemo majirani wa huyo mdaiwa, na mawasiliano yetu hayaruhusiwi kufichwa maana kwa misimbo, hivyo hewani hakuna chumba cha pembeni cha kuitana na kuambiana.

Kuna hatari nyingine ambayo wanaoandaa taarifa huisahau. Msitangaze kwamba wanachama wote watakuwa mlimani kuanzia Ijumaa hadi Jumapili kwa zoezi la antena, wala kwamba fulani amelazwa na nyumba haina mtu. Katika nchi nyingi anwani ya mwenye alama ya wito hupatikana katika orodha iliyo wazi, na vyombo vyetu vina bei.

Nikiwa mtu wa mtambo, nina ombi pia. Ripita hupokea katika masafa fulani na kurusha papo hapo katika masafa mengine, ambayo kwa mita 2 kwa kawaida hutofautiana na yale ya kwanza kwa kilohezi 600, na muda wote unaosoma kikuza nguvu chake hufanya kazi bila kupumzika huku kikipata joto. Ripita nyingi zina kipima muda kinachokata urushaji baada ya dakika chache, na ni jambo la kuudhi kusoma nusu ukurasa bila kujua kwamba hakuna anayekusikia. Soma habari moja, achia kitufe, subiri kidogo, kisha endelea. Pengo hilo linaupoza mtambo, na zaidi ya hapo ndiyo nafasi pekee aliyonayo mtu mwenye dharura kukatiza.

Mwalimu wa Darasa la Leseni

Nakubaliana na msimamizi kuhusu mipaka, lakini naona tunatazama sana kinachosomwa, ilhali tatizo la mkutano huu liko katika kinachoulizwa. Mtu akiulizwa kama ana la kuongeza hujibu kwamba hana, kwa sababu hilo ndilo jibu lisiloweza kumwaibisha. Mwulizeni jambo ambalo yeye analo na wengine hawana: betri yake inasoma volti ngapi chaja ikiwa imechomolewa, antena yake imefungwa juu kiasi gani, anaisikiaje ripita akiwa ndani na akiwa nje ya nyumba. Majibu ya namna hiyo huzaa maswali, na maswali ndiyo mazungumzo.

Zoezi ninalolithamini kuliko mengine ni lile la kuiacha ripita. Mara moja kwa mwezi, baada ya waliohudhuria kuandikwa, msimamizi wa mkutano anawahamisha wote kwenye masafa ya moja kwa moja, yaani redio kwa redio bila ripita. Kila mmoja anaita kwa zamu yake, na wengine wanaandika wamemsikia nani na kwa kiwango gani. Karatasi hizo zikikusanywa, klabu inapata jedwali la nani anamsikia nani. Umeme ukikatika na betri za ripita zikaisha, tayari inajulikana kwamba mwanachama wa bondeni hamfikii katibu, lakini anamfikia mwenzake wa kilimani, naye anaweza kuupokeza ujumbe mbele. Hakuna mkutano wa kamati unaoweza kubuni mpango wa dharura ulio bora kuliko huo, kwa sababu huo umepimwa.

Ni somo la fizikia pia. Kwa mawimbi ya VHF, ambayo mita 2 ni sehemu yake, umbali wa upeo wa redio katika kilomita hukadiriwa kwa kuzidisha 4.12 kwa jumla ya vipeuo vya pili vya vimo vya antena mbili, vikipimwa kwa mita. Antena mbili zilizo mita 10 juu ya ardhi tambarare zinatoa kilomita 26 hivi. Redio mbili za mkononi, zikishikwa mita 1.5 juu ya ardhi, zinatoa kilomita 10 tu, na hapo hatujazitoa nyumba, miti na vilima. Mwanafunzi aliyedhani kwamba dawa ya kila tatizo ni wati nyingi zaidi hubadili mawazo pale mwenye wati 5 na antena juu ya paa anaposikika mbali kumzidi yeye mwenye wati 50 na antena ya dirishani. Mara nyingi wiki inayofuata huuliza mwenyewe bei ya kebo.

Jedwali kamili liende kwenye jarida, na hewani mtaje matokeo mawili matatu yaliyowashangaza, mkiwaita wahusika wayaeleze. Huo ndio mpaka ambao ningeupendekeza kwa kamati yenu: hewani kuwe na jambo linalohitaji jibu au hatua ndani ya wiki hiyo, na jarida libebe lile ambalo msomaji atataka kulirejea akiwa na kalamu au chuma cha kulehemu mkononi. Aidha, katibu usiongoze mkutano kila wiki. Mwenye leseni mpya akikabidhiwa orodha ya kuita, huku mkongwe mmoja akiwa tayari kumsaidia iwapo vituo viwili vitagongana, atajifunza kwa jioni moja yale ambayo ungemhubiria mwaka mzima.

Mwenye Leseni Mpya

Shikamooni, wakubwa zangu. Naomba niseme machache kwa niaba ya hao wakimya, kwa kuwa mimi ni mmoja wao. Kinachotufunga mdomo si kukosa la kusema, bali ni kutojua zamu yetu itafika lini, huku tukijua kwamba klabu nzima itasikia mtu akisahau herufi moja ya alama yake mwenyewe. Msimamizi mmoja alianza kutuita mara tu baada ya wale waliotufundisha, na kutuambia mapema nani atafuata. Mabadiliko hayo madogo yalitosha kuwafanya baadhi yetu tuanze kuongea. Ningeomba pia QTH (mahali ulipo), QSY (hamia masafa mengine) na QRM (mwingiliano wa vituo) zipunguzwe katika mazungumzo ya sauti. Vifupisho hivyo vilitungwa kwa ajili ya telegrafu, na kwa anayeanza vinafanya mazungumzo yaonekane kama mtihani wa pili.

Mzee wa Mawimbi Mafupi

Marahaba, mwanangu, na hilo la vifupisho umetupata wengi.

Ndugu katibu, mimi siwaungi mkono wanaotaka taarifa ifutwe, na sikubali kwamba anayetaja alama yake na kusema hana la kuongeza hakushiriki. Wapo wanachama ambao magoti au macho hayawaruhusu tena kuja mkutanoni, na kwao kuitwa jina kila wiki ndiko kutembelewa. Katika klabu yetu ipo desturi isiyoandikwa popote: mkongwe asipoitika mikutano miwili mfululizo, kuna mtu anayepiga simu nyumbani kwake. Mwalimu, maswali yako ya volti ni mazuri, lakini asilazimishwe kila mtu kuyajibu. Wengine wamefanya kazi mchana kutwa na wanataka kusikia sauti za wenzao tu.

Kuhusu wagonjwa, mgonjwa mwenyewe ndiye mwenye habari yake. Akiridhia, semeni kwamba anauguzwa na kwamba angependa salamu, bila kutaja ugonjwa wala hospitali. Msiba usitajwe hewani mpaka familia ithibitishe kwamba ndugu wa karibu wote wamekwisha kuarifiwa. Ni vibaya sana mtoto wa marehemu, akiwa njiani na redio imewashwa ndani ya gari, kupata habari hiyo kutoka kwenye ripita. Jarida ndilo mahali pa kueleza maisha yake ya redio, alama aliyotumia na waliofundishwa naye.

Mpaka wa mwalimu naukubali, nami naongeza habari zinazotegemea saa. Kituo cha Kimataifa cha Anga kikitarajiwa kupita jioni hiyo, mkipe nafasi hewani, kwa sababu kinaonekana juu ya upeo kwa takriban dakika 10 tu na sauti yake katika megahezi 145.800 husikika hata kwa redio ya mkononi pale kinaporusha. Nyakati za mapito zilizokadiriwa mwezi mzima kabla haziaminiki. Mlipuko mkubwa wa jua unaozima mawimbi mafupi upande wa dunia ulio mchana nao ni habari ya saa ileile, na humwokoa mtu kupanda paani kutafuta kasoro katika antena iliyo nzima. Kinyume chake, Siku ya Redio za Ridhaa Duniani, inayoadhimishwa tarehe 18 Aprili kukumbuka kuanzishwa kwa IARU, umoja wa kimataifa wa vyama vya redio za ridhaa, jijini Paris mwaka 1925, inajulikana mapema, sawa na mkutano wa maskauti hewani wa kila Oktoba. Hizo zitangulie katika jarida ili watu wapate muda wa kuandaa mitambo na kuomba vibali.

Katibu wa Klabu

Nawashukuru nyote. Nitaipelekea kamati pendekezo kwamba sehemu ya taarifa ibaki lakini ipunguzwe hadi habari za wiki hiyo pekee, madeni na mauzo yatoke hewani kabisa, habari za wagonjwa zisomwe kwa ridhaa yao, na zoezi la kuiacha ripita lianze mwezi ujao chini ya mmoja wa wenye leseni mpya. Limebaki lile la wasiofungua barua pepe, ambalo upande wa kwanza wa kamati hautaliachia kirahisi.

Msimamizi wa Ripita

Chapisheni nakala chache za karatasi, na kila asiyetumia barua pepe apewe jirani wa kumpelekea. Atapata na mtu wa kumtazamia antena yake.

Mzee wa Mawimbi Mafupi

Kuna njia nyingine, ingawa si ya kila mtu. Tangu mkutano wa dunia wa mawasiliano ya redio wa mwaka 2003, Morse, ile alfabeti ya milio mifupi na mirefu, si sharti la kimataifa la kupata leseni, lakini wanaojifunza kwa kupenda bado wapo, na wanahitaji maandishi ya kufanyia mazoezi ambayo hawajayakariri. W1AW hutumia maandishi ya jarida la chama chake kwa mazoezi ya namna hiyo. Chagueni aya moja ya jarida lenu kila wiki na kuirusha polepole katika masafa ya moja kwa moja. Wakongwe wasio na barua pepe wataisoma kwa masikio, na wanafunzi watakuwa na sababu ya kutaka kujua inaishaje. Aya iwe fupi: kwa mwendo wa maneno 5 kwa dakika, maneno 60 yanakula dakika 12.