Mkataba wa kutengana, wakili mmoja anatosha?

Wadau habari zenu, mimi na mwenzangu tunatengana bila ugomvi, sasa jana kaniletea karatasi 4 kaandikiwa na wakili wake anasema nisaini tu tuokoe hela, eti huyohuyo atatusimamia wote. Nisaini?

— Usisaini aisee! Huyo ni wakili wa mwenzio. Tafuta wako hata wa kuzisoma tu hizo karatasi, maana upande mmoja ukikosa ushauri au ukisukumwa mkataba unaweza kupingwa mahakamani baadae.

— Nakazia. Angalia na madeni, wangu uliandikwa "kila mtu abebe madeni yake" nikajua nimepona, kumbe mkopo tulisaini wote na benki haikuwemo kwenye makubaliano yetu, wakanifuata mimi.

— (mwenye swali) Duh na sisi tuna mkopo wa pamoja. Hela ya wakili ndo sina sasa

— Ulizia msaada wa kisheria wa bure, vyuo vingi vya sheria vinao. Beba stetimenti za benki na hati zote. Na kipengele cha watoto usikichukulie poa, mahakama inaangalia maslahi ya mtoto hata kama nyie mshakubaliana vingine.